Jiwe Kwenye Taarifa ya Jumatatu

Hilali alirudi kutoka msibani Kibondo Jumatatu asubuhi, akaegesha pikipiki mbele ya duka, na akaanza kucheka kabla hajavua helmeti.

“Vena, umekosa!” akaniambia. “Bosi wako Shadia jana katutia aibu mbele ya ukoo mzima.”

Hilali ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka la vitenge la baba yake Shadia, hapa Kasulu. Ofisi yangu mimi iko chumba cha nyuma, katikati ya marobota. Nilikuwa nimekaa kizingitini na chai yangu, kazi ya wiki nimeshaituma, moyo umetulia kama maji ya mtungi.

“Aibu gani tena, msibani?”

“Kavaa baibui la marehemu. Kavaa na miwani yake ile iliyofungwa uzi. Kaenda kukaa kwenye kiti chake, kaanza kutugombeza mmoja mmoja kwa sauti ya bibi vilevile! Mimi kaniambia, ‘Hilali, ile suruali ya mume wangu uliyoikata mguu mmoja mfupi nimekwenda nayo, iwe ushahidi.’ Watu wamecheka mpaka shehe kageukia ukutani.”

“Anafanya utani msibani?”

Hilali akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini jua linawaka. “Msiba wa bibi yake, Vena! Mjukuu asipomtania bibi yake, nani amtanie? Shehe?”

Nikaweka kikombe chini.

Hapa lazima nieleze, la sivyo utadhani nilipandwa na wazimu bure. Mimi na Shadia tunafuatilia Asia Mashariki. Ndiyo, kutoka Kasulu. Wenzetu wanafuatilia ligi, sisi tunafuatilia nani kasema nini Seoul, Tokyo, Beijing, Manila: wasomi wao, mabalozi wao wastaafu, makongamano yao ya usalama, ripoti ndefu kama kwaresima kuhusu namna nchi zinazogombania miamba ya baharini zinavyoweza kuishi bila kupigana. Shadia alikaa China miaka kadhaa, baba yake akidhani anasomea biashara ya vitambaa. Akarudi na Kichina chake na masanduku ya vitabu, kitambaa hata kimoja hakuna. Mimi nilisomea uhusiano wa kimataifa Dar mpaka nilipoachana na chuo, au chuo kilipoachana na mimi, inategemea unamuuliza nani. Ndiyo maana Shadia huniita Nusu Digrii. Kila Jumatatu tunatuma kurasa chache za Kiswahili kwa wanaozihitaji: walimu wa vyuo, wahariri, na Dorcas.

Dorcas Niyomwungere ni wa kwetu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kakulia Kibondo akibeba maharage kichwani kupeleka sokoni. Sasa ni mtafiti kwenye kituo kimoja Dar, na Jumatatu hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepewa nafasi ya kuzungumza kwenye kongamano mbele ya wageni waliotoka hukohuko Asia Mashariki. Kabla ya hapo kazi yake kwenye makongamano ilikuwa kupanga makaratasi na kuangalia kama maji yapo mezani. Mkubwa wake alikuwa ameshamwambia, tena mbele za watu: ukivurunda leo, unarudi kwenye maji.

Na taarifa yetu ndiyo aliyokuwa anaitegemea.

Sasa, jiwe. Ripoti za usalama zinaleta usingizi, usimwamini anayekwambia vingine. Ukisoma ya tatu, macho yanapita juu ya maneno kama nzi juu ya kioo. Kwa hiyo mimi na Shadia tulijiwekea utaratibu: anayeandika rasimu anaficha humo habari moja ya uongo. Tunaiita jiwe, kama lile la kwenye mchele. Anayepitia lazima alichambue alitoe kabla chakula hakijapikwa. Ukijua kwamba kuna jiwe, husinzii. Unasoma kila mstari kwa kushuku, unafungua kila chanzo, na humohumo unakamata na makosa ya kweli. Mawe yangu mimi ni ya kuchekesha. Niliwahi kuandika kwamba nchi mbili zimebadilishana mbuzi wa amani, Shadia akalitoa kabla hajamaliza andazi. Mawe yake yeye ni hatari. Yanafanana na mchele.

Wiki hiyo zamu ya kuandika ilikuwa yake. Jumamosi bibi yake, Bi Mwamvua, akafariki Kibondo. Shadia akaondoka na gari la kwanza, na Jumapili asubuhi, akiwa kulekule, akanitumia rasimu na maneno mawili tu: “Pitia. Tuma.”

Kwetu kijijini, Rungwe Mpya, mtu akifa, hata redio inafunikwa kitambaa. Jembe halishiki udongo. Mtoto akicheka, anapigwa jicho moja ambalo hatalisahau. Mimi nikasoma ule ujumbe mfupi nikajisemea, maskini, leo hana hata nguvu ya salamu, atakuwa na nguvu ya jiwe? Nikaona hata kulitafuta ni kumkosea adabu. Nikapitia nukta na mikato, nikasifu moyoni kwamba kaandika vizuri licha ya majonzi, na Jumatatu alfajiri nikatuma.

Kumbe kwao bibi hazikwi bila utani.

“Vena,” Hilali akasema, “mbona umekuwa na sura ya mtu aliyemeza sindano?”

“Shadia anapatikana?”

“Wapi! Simu zao zote zimekusanywa kwenye kapu la wanawake, na umeme hakuna huko tangu juzi.”

Nikapiga hata hivyo. Yule mama wa kwenye simu akaniambia haipatikani, kwa upole ule wake wa kukera. Nikapiga tena. Akanirudia na upole wake.

Kongamano lilikuwa linaanza saa tano. Saa ya ukutani ya duka ilikuwa inakaribia saa nne. Nikampigia Dorcas.

“Venanti!” Alipokea haraka, nyuma yake viti vinaburuzwa. “Nakushukuru, kaka. Taarifa ya leo sijui mmeitoa wapi. Kuna kipengele kimoja pale, nimeitupa hotuba niliyoiandika wiki nzima, nimeandika upya yote, imesimama juu ya hichohicho.”

“Kipi hicho?”

“Subiri… ndiyo, weka hapo, upande wa mkalimani… Unasemaje?”

“Kipengele kipi, dada?”

“Kwa nini? Kuna nini?”

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa mepesi tu: kuna uongo mmoja ndani, sijui ni upi, usitumie chochote. Lakini nikafikiria yuko pale, kaichana hotuba yake, saa imebaki moja, wageni wanaingia. Ukimwambia mtu usitumie chochote, maana yake umemwambia arudi kwenye maji. Mdomo wangu, ambao siku zote unatangulia akili, siku hiyo ukabaki nyuma.

“Kuna kimoja nakihakiki,” nikasema. “Nitakurudia sasa hivi.”

Nyuma yake viti viliacha kuburuzwa.

“Venanti. Nawajua nyinyi wawili na michezo yenu. Mimi huwa nacheka, unajua. Leo sicheki. Leo usinifanyie utani.”

“Sikufanyii.”

“Simu nazima tukiingia ukumbini. Nitaiwasha kabla sijaitwa. Usipokuwa umeniambia kitu kufikia hapo, najua kila kitu ni sawa, nasema.”

Akakata.

Nikakimbilia nyuma kwenye marobota, nikafungua taarifa, nikaanza kufungua chanzo kimoja baada ya kingine. Habari za kwanza zilipita: semina ya Jakarta ipo, picha zipo, msemaji yupo na tai yake. Ripoti ya Tokyo ipo. Makala ya yule mwanamama wa Seoul kuhusu mazungumzo ya nchi tatu ipo, na hata nukuu iko sawasawa. Kisha umeme ukakatika.

“Mana yanje!” nikapiga kelele. ‘Mungu wangu,’ kwa Kirundi cha mama yangu, kinatoka chenyewe nikibanwa.

Nikahamia kwenye simu. Mtandao wa asubuhi Kasulu unatembea kama ng’ombe anayepelekwa kuuzwa. Ukurasa unafunguka robo, unasimama, unafikiri maisha yake. Bando likaisha. Hilali akanirushia la kwake, anasimama nyuma yangu na futi yake ya kupimia imening’inia shingoni, haelewi kitu lakini anapumua kwa wasiwasi kama ndiye anayetafutwa.

Vikabaki vipengele vitatu ambavyo vyanzo vyake viligoma kabisa kufunguka.

Cha kwanza kilisema wataalamu wa nchi mbili hasimu sasa wanaanza vikao vyao kwa kupanda kilima pamoja, bila kuongea, na wakishuka ndipo wanafungua mafaili.

Cha pili kilisema nchi mbili zinazogombania visiwa zimeweka simu ya dharura kwa ajili ya wavuvi, na anayeipokea kila upande si mwanajeshi, ni ofisa uvuvi wa kawaida, maana mwanajeshi akipokea simu lazima aulize kwanza mkubwa wake.

Cha tatu kilisema jopo la watafiti limependekeza kwamba katika vikao vya walinzi wa pwani, ujumbe wa nchi kubwa ukae umeupa mlango mgongo, na ujumbe wa nchi ndogo ukae unautazama mlango.

Nikavisoma tena na tena. Vyote vitatu ni vizuri. Vyote vitatu vinafanana na mambo ambayo binadamu wamechoka kugombana wangeweza kuyafanya. Nikamchukia Shadia kidogo, halafu nikakumbuka amefiwa, nikajichukia mwenyewe.

“Hebu nielewe,” Hilali akasema. “Kimoja hapo ni uongo?”

“Kimoja.”

“Na huyo dada Dar anaenda kukisema mbele ya hao wenyewe wa huko?”

“Mbele yao. Mtu atanyoosha mkono atasema, mimi natoka huko, hicho kitu hakipo.”

“Aisee.” Akakaa juu ya robota. “Si umwambie avifute vyote vitatu?”

“Hotuba yake imesimama juu ya kimoja. Kikiwa humo nikakifuta bure, nimemvua nguo jukwaani. Nisipofuta kile chenye uongo, nimemvua vilevile.”

Nikajilazimisha kufikiri kama Shadia. Mawe yake yana desturi: anachukua kitu kilichomuudhi wiki ile nyumbani, anakivalisha suti, anakipeleka Asia. Aliwahi kugombana na jirani anayeweka meza yake kwenye baraza yetu, na wiki hiyohiyo ikaandikwa habari ya nchi mbili kuwekeana mstari wa chaki kwenye meli ya utafiti. Sasa wiki hii nini kilimuudhi? Nikakumbuka papo hapo. Simu! Baba yake anawapa wateja namba ya duka, halafu anayepokea ni Hilali, asiyejua bei ya kitu chochote. Shadia Jumatano alipiga kelele mpaka kuku wakatoka uani: “Kwa nini simu inapokelewa na asiyehusika?”

Simu inayopokelewa na asiyehusika. Ofisa uvuvi badala ya mwanajeshi. Ilikaa kama kifungo kwenye tundu lake.

Nikaandika: “Dorcas, futa cha simu ya wavuvi. Cha uongo.” Kidole kikasimama juu ya kitufe.

Sijui ni nini kilinizuia. Labda woga tu, na woga mara nyingine ni msomi kuliko mwenye nao. Nikajiuliza: Jumatano alikuwa hajafiwa. Rasimu kaimaliza Jumapili, msibani, pengine muda uleule ambao alikuwa anavaa baibui la bibi yake. Mtu aliyekaa anamtania bibi yake mbele ya ukoo, jiwe lake litahusu simu ya duka?

“Hilali,” nikasema, “Bi Mwamvua alikuwa mtu wa namna gani?”

“Sasa hivi? Vena, saa tano hiyo.”

“Si ulikulia jirani na duka lake kule Kibondo? Niambie. Chochote.”

Hilali akakuna kidevu. “Alikuwa hapendi paka. Alikuwa akila tambuu akitema, hakosei shabaha. Ijumaa hauzi kaniki, usimwulize kwa nini. Akikupenda anakutukana, asipokupenda anakwita ‘mheshimiwa’. Mashehe walikuwa wakimwogopa…”

“Watu wakigombana dukani?”

“Eeh, hapo ndipo! Kila ugomvi wa sokoni ulikuwa unaishia kwake. Tajiri anamdhulumu mkulima, twende kwa Bi Mwamvua. Ana viti vyake viwili pale kati. Wewe mwenye nguvu anakukalisha mgongo umeelekea mlangoni. Mnyonge anakaa kule ndani, anautazama mlango. Ukimuuliza anakwambia, mtu anayeuona mlango hana haraka ya kukimbia, ataongea…”

Macho yake yakashuka kwenye simu yangu, kwenye kipengele cha tatu. Midomo ikawa inasoma polepole.

“Huyu si bibi huyu?”

Nilikuwa nimeshafuta ule ujumbe. Nikaandika mwingine: “Cha viti na mlango ni cha uongo. Hakitoki Asia. Usikitumie. Kosa langu.” Nikatuma. Tiki moja. Nikapiga. Haipatikani.

Tiki moja ikabaki tiki moja.

Matangazo ya kongamano yalikuwa yanarushwa moja kwa moja. Nikayafungua kwenye simu ya Hilali, ya kwangu nikaiweka magotini niitazame ile tiki. Picha ikaja kwa vipande: meza ndefu, bendera ndogondogo, maua, wageni na vipokea sauti masikioni. Mzee mmoja mwembamba wa Kijapani alikuwa anamalizia kusema. Mwendesha mjadala akamshukuru, akageuza karatasi. Dorcas alikuwa pale mwisho wa meza, kitambaa cha bluu kichwani, mikono chini ya meza.

“Kwa nini anatazama chini?” Hilali akauliza.

“Labda anawasha simu.”

“Iwashe, dada. Iwashe mama.”

Mwendesha mjadala akataja jina lake, akalikosea, akalirudia. Dorcas akainua uso. Magotini kwangu zikatokea tiki mbili. Halafu, kabla sijapumua, zikawa bluu.

Alikuwa ameshasimama.

Niliiona sura yake ikibadilika. Wengine ukumbini nadhani hawakuona kitu, maana kwetu tunafundishwa uso usitoe habari za ndani. Lakini mimi nimekua na nyuso hizo. Ilifungwa, kama dirisha linavyofungwa mvua ikianza. Karatasi zake alikuwa amezishika, akaziangalia, akaziweka mezani. Kifudifudi.

“Waheshimiwa,” akasema. Kisha kimya. Kimya kirefu mpaka mkalimani akasikika akikohoa kwenye kipaza sauti chake.

“Anavurunda,” Hilali akanong’ona. “Vena, anavurunda.”

“Nilikuwa nimewaandalia pendekezo,” Dorcas akasema, “na nilikuwa nataka kuwaambia kwamba limetoka kwenu, Asia Mashariki. Ningelisema kwa…”

Picha ikaganda. Dorcas kabaki mdomo wazi, mkono hewani, na kile kiduara kinazunguka katikati ya paji lake la uso. Hilali akaitikisa simu kama chupa ya dawa. Nikamnyang’anya, nikakimbia nayo barazani, nikapanda juu ya kiti chake cha cherehani, mkono juu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni la mihogo akasimama kunitazama. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Nikasema sala zote ninazozijua, na Hilali kule chini anasema ya kwake.

Kwanza ikaja sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya kicheko. Ukumbi mzima unacheka.

Kuna vicheko vya aina mbili duniani, na kwenye simu mbovu havitofautiani.

“…uzi kwenye miwani,” sauti ya Dorcas ikasema, “na huyo tajiri, mtu mzima na tumbo lake, kakaa kwenye kigoda, kaupa mlango mgongo, jasho linamtoka. Mimi nina miaka kumi na moja, nimekaa ndani, nautazama mlango. Nilikuwa naweza kutoka muda wowote. Ndiyo maana sikutoka. Nikamwambia yule mzee kwamba mizani yake inaiba maharage yetu. Sisi watoto wa wakimbizi tulikuwa hatusemi maneno kama hayo kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeyasahau, ndugu zangu. Nimesoma ripoti zenu miaka yote hii natafuta nchi ndogo inawezaje kukaa meza moja na nchi kubwa, na kumbe nimewahi kukaa kwenye hicho kiti.”

Picha ikarudi. Mzee wa Kijapani alikuwa ameegemea mbele. Mwanamama kutoka Manila alikuwa anaandika. Dorcas hakuwa na karatasi mkononi. Akaeleza simu ya wavuvi, akaeleza kilima, akataja nani kasema na wapi, kisha akarudi kwenye vile viti na kusema hili la Kibondo nawaletea kama zawadi, si kama utafiti, mlipime wenyewe.

Mgeni mmoja akanyoosha mkono. Akauliza kupitia mkalimani: na ikiwa waliogombana wote wawili ni wakubwa?

Dorcas akafikiri. “Huyo bibi,” akasema, “angewatoa nje wote wawili, afunge duka.”

Wakacheka tena, na safari hii nilijua ni kicheko cha aina gani. Nikashuka kwenye kiti. Nikakaa chini kwenye vumbi la baraza.

Dorcas alipiga mchana. Sikumaliza hata “hongera”.

“Usinipongeze. Ungechelewa nukta moja tu, Venanti, sasa hivi ningekuwa napanga chupa za maji.”

“Najua, dada.”

“Hujui. Ulikuwa unajua saa nne kwamba kuna uongo?”

“Nilikuwa najua.”

“Saa nne ungeniambia, ningekuwa na saa nzima. Umeninyima saa nzima kwa sababu ulitaka uupate kwanza wewe.” Nikasikia anapumua. “Kuanzia wiki ijayo nataka chanzo chini ya kila mstari. Mawe yenu mtafuniane hukohuko, kwangu uje mchele.” Halafu sauti ikashuka. “Nyumbani wameniandikia kwamba Bi Mwamvua kafa. Kweli?”

“Jumamosi. Wamemzika jana.”

“Na mimi nimemfanya kichekesho mbele ya mabalozi, siku ya pili tu.”

“Hilali anasema bibi hazikwi bila utani.”

Akacheka kidogo, kisha akalia kidogo, kisha akasema anaitwa kwenye picha.

Jioni haijaingia nikapanda nyuma ya pikipiki ya Hilali, akirudi matangani. Tulipita Busunzu mihogo imeanikwa kando ya barabara, nyeupe kama mtu amemwaga karatasi, na mimi nilikuwa napanga namna ya kumwambia Shadia. Jiwe lake halikutolewa. Lilipikwa, likapakuliwa, likafika mezani Dar. Nilijua vizuri kwamba anaweza kunifukuza kazi, na kwamba atakuwa na haki.

Nilimkuta dukani kwa bibi yake, peke yake, akikunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Ile miwani ya uzi alikuwa ameining’iniza shingoni.

“Mwakeye, Nusu Digrii,” akanisalimia kwa Kiha, kama anavyofanya akitaka kunichokoza. Lakini macho hayakuwa ya uchokozi. “Umelipata?”

“Nimelipata.”

“Lini?”

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchekesha. Niliyaacha yote.

“Leo. Nilishaituma.”

Shadia akaacha kukunja.

“Sikulitafuta,” nikasema. “Nilidhani una msiba, nikaona si adabu. Dorcas alikuwa nalo mkononi amesimama.” Nikamweleza yote, tiki, kiduara, kicheko, na ile saa nzima niliyomnyima Dorcas. Sikujipunguzia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Unajua kwa nini niliweka?” akauliza. “Hapa walikuwa wote wanalia. Nikamtania bibi, mke mwenzangu, tangu nilipofika, wakacheka, wakarudi kulia. Nikasema, Vena ataliona Jumapili hiyohiyo. Atanipigia simu atanitukana, nitamwambia ni bibi huyo, tutacheka wote wawili. Nikaangalia simu mpaka ikazima. Nikadhani umeona ni upuuzi.”

“Mimi nilidhani nakuheshimu.”

“Ndiyo.” Akafuta uso kwa ncha ya kitenge cha kuuza, bibi angemtukana. “Na Dorcas tungemuua kwa heshima yako na utani wangu. Kesho tunampigia wote wawili, unaanza wewe.”

Kisha akavivuta vile viti viwili katikati ya duka, vigoda vya kawaida tu, kimoja mguu umefungwa waya. Akakaa kwenye kimoja, yeye bosi, mgongo ukaelekea mlangoni, huku nje Hilali akiongea na watu wa matanga. Akanionyesha kingine kwa kidevu.

“Kaa. Tuongee hii kazi tunaifanyaje.”

Nikakaa. Mlango nilikuwa nauona wote, na barabara, na pikipiki ya Hilali. Nikavuta kigoda mbele kidogo, nikaanza kusema.